Siku Niliyomfunika Mzungu Khanga Jukwaani

Kama ulikuwepo ukumbini siku ile, basi umekwisha kuuona mgongo wangu wote mpaka kiunoni, na sina tena cha kukuficha. Kama hukuwepo, kaa nikueleze, maana aibu hii ukiisikia kwa wengine wanaongeza chumvi, na kweli yenyewe haihitaji kuongezwa kitu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yameanza kujaa vitu na mitumba imemwagika sokoni, mpaka sisi tulioishia darasa la saba tukawa tunavaa magauni ya wake za mabalozi. Mume wangu, Baba Naomi, fundi wa reli pale Gulwe, alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Sasa mimi nikipata uchungu hunyamaza. Ndivyo nilivyoumbwa, hata mama yangu nilimzika kimya. Lakini dada wa marehemu, wifi yangu Damari wa Bahi, yeye akilia mtaa mzima unatoka nje. Siku ya msiba aliingia chumbani, akafungua khanga yake akamfunika kaka yake kabla mimi sijanyanyuka, akaanguka chini, wanawake wakamkimbilia na maji, na kila mgeni aliyeingia akawa anampa mkono yeye kwanza, "Pole sana mfiwa." Mimi nimeegemea ukuta kimya, na shangazi mmoja wa mbali akaniambia, "Wewe binti, hebu kaangalie chai kama imechemka." Mjane nikaangalie chai! (Nilikwenda. Ilikuwa imechemka.) Tangu siku ile nilimwonea Damari wivu ambao hata kanisani niliushindwa.

Sasa jirani yangu Mama Asha, anayepika chai kwenye ofisi moja ya serikali, akapata kadi za mwaliko. Kundi la Wamarekani linazunguka nchi na mchezo wa kuimba, ule mchezo mkubwa wanaoucheza kule New York kwenye majumba yao ya maigizo. Damari alikuwa amekuja kwangu na mchele wa Bahi, nikashindwa kumwacha nyumbani. Nilivaa gauni la mtumba la kijani lililogoma kufunga zipu mgongoni (nilivuta pumzi, Mama Asha akavuta zipu, ikagoma), nikajitanda khanga mabegani, nani angejua?

Ukumbi ulijaa: wakubwa mbele, wanafunzi wa chuo pembeni, sisi katikati. Watu hawakujua kwamba mchezo wa namna ile unatazamwa kimya. Mke na mume walipogombana kwa kuimba, mzee mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti, "Hawa wanagombana au ni kwaya?" Walipobusiana walokole wakainamisha vichwa, na wanafunzi wakapiga miluzi mpaka wapiga vinanda wakapotea. Yule mume alikuwa mpaka rangi wa majumba, na alipoanza kupanda ngazi ndefu ukumbi mzima ukamwonya.

"Shuka wewe baba!"

"Ngazi haijashikwa hiyo!"

Hakusikia Kiswahili. Akaanguka, akafa. Mkewe akapiga magoti kando yake akaanza kuimba taratibu, na hapo, jamani, ukumbi ulibadilika. Wanaume walivua kofia. Wanawake wa nyuma wakaanza kuguna ule mguno wa msibani. Na Damari, kama nilivyomjua, akapasua kilio: "Yoooo, kaka yangu mie!"

Vichwa vyote vikageuka. "Pole mama, pole," wakawa wanampa. Hata Mama Asha, rafiki yangu mimi, akapitisha mkono mbele yangu akampapasa Damari mgongoni na kusema kwa majirani, "Msimshangae, amefiwa na kaka yake mwaka jana." Na mimi je? Huyo kaka hakuwa mume wa mtu?

Ndipo nikamwona Damari anapeleka mkono kwenye fundo la khanga yake. Nikasema moyoni, haya, anataka kwenda kufunika tena. Safari hii hanitangulii.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilipita juu ya magoti ya watu, nikapanda jukwaani, nikajitandua khanga nikamfunika yule Mzungu kuanzia usoni, nikajitupa kando yake na kulia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "Baba Naomi weee! Umeniacha na nani!" Wanawake wakaitikia ukumbi mzima, na baadhi ya wanaume wakaanza kusogeza viti ili maiti ipite. Yule mke wa mchezo alinitazama, akaendelea kuimba kidogo, akashindwa.

Nilisahau vitu viwili. Cha kwanza, zipu. Cha pili, khanga ile ilikaa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Marehemu alipiga chafya. Akapiga nyingine, akaketi wima na khanga yangu kichwani, na ukumbi ukafumuka, wa mlangoni wakatoka nje kabisa, wanafunzi wakacheka mpaka wakalala chini.

"Mama, mgongo!" mtu akapiga kelele.

Nilibaki nimepiga magoti, sijui nijifunike kwa nini. Kisha nikasikia kitambaa kinashuka mabegani mwangu. Ni Damari, amepanda.

"Wifi, inuka twende," akaninong'oneza. "Huyu si wetu."

Tulipofika barabarani, machozi yangu yalikuwa hayajakata, na hayo hayakuwa ya mashindano tena. Damari alinishika kiuno mpaka nilipotulia, kisha nikamuuliza, "Hivi wifi, ulikuwa unafungua khanga ya nini?"

"Hela ya soda nimeifunga kwenye pindo," akasema. "Koo lilinikauka kwa kulia."

Tangu hapo nimeapa: sipandi jukwaa la mtu, na nikialikwa mchezo nauliza kwanza kama kuna atakayekufa. Lakini niseme kweli, wivu haujaniisha. Siku hizi Damari anausimulia mkasa huu huko Bahi, kwenye harusi na hata kwenye matanga, anapiga ile chafya, anaigiza kilio changu, watu wanashika mbavu na kumpa pole yeye kwa aibu niliyompa. Ndiyo maana nimeuandika mwenyewe. Kwenye kilio cha mume wangu alinishinda, basi angalau kwa aibu hii mnipe mkono mimi kwanza.