Mbegu Sita za Njia

Juma lililopita mjukuu wangu wa kike alikaa barazani na daftari lake la hesabu, akachora mistari miwili. Mmoja ulianza chini kabisa, ukapanda kwa haraka kama mbuzi. Wa pili ulianza juu, ukapanda polepole kama mimi. Akanieleza kwamba ni maduka mawili: moja liko karibu lakini bei yake ni kali, lingine bei ni ndogo lakini unalipa kwanza usafiri. Mwalimu anataka wajue mistari inakutana wapi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi niliacha masomo mwaka wa tano, rafiki yangu, na mpaka leo nasoma kwa kidole. Lakini mistari ile naijua. Niliipanga kwa mikono yangu, juu ya saruji, wakati wa vita.

Tulikaa hapa hapa Kamina, katika nyumba za watu wa reli. Ukifumba macho sasa hivi utaisikia: kinu kwa jirani, tu, tu, tu, jogoo mmoja mjinga anayewika saa nane za mchana, na kule stesheni, siku ambazo Mungu alipenda, filimbi ya treni. Wakati wa kiangazi ukungu ulishuka asubuhi juu ya reli, na watu walitokea ndani yake miguu kwanza, kisha tumbo, kisha kichwa. Sombe, majani ya muhogo, iliiva na mafuta ya mawese, ikingoja bukari, ugali wetu wa mahindi. Hewa ilinuka moshi, mazuti ya treni na mahindi ya kukaanga.

Feza ilikuwa imekufa. Ulishika noti asubuhi, jioni ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Baba, aliyekuwa fundi wa reli, mara ya mwisho alilipwa mfuko wa chumvi, na ndiyo chumvi tuliyonunulia kila kitu, kopo kwa kopo. Mahindi tulipima kwa meka, lile bati kubwa ambalo kila mama sokoni anaapa kwamba lake halijabonyea.

Kambo, mama ya mama yangu, hakuwahi kuingia darasani hata kufagia. Lakini hakuna mtu aliyenunua kitu nyumbani kabla yeye hajapanga mbegu. Alizifunga kwenye pindo la kikwembe, mahindi aliyokaanga makusudi ili fukusi wasiyatoboe. Mbegu moja, kopo moja la chumvi. Alipanga mstari wa jirani: mbegu tatu kwa kila meka, maana mama jirani aliuza meka kwa kopo tatu. Kisha mstari wa kijijini, ng'ambo ya daraja, ambako meka ilikuwa kopo mbili tu. Ila huko ulitangulia kuweka mbegu za njia. Askari wa barieri, kizuizi cha njiani, walitaka kopo nne, mwenye kinga, baiskeli ile ya kubebea, alitaka mbili. Sita. Kambo alisema mbegu za njia ni kama mkwe: unamlisha kabla hajakufanyia kazi yoyote. Ukinunua meka moja au ishirini, ni zile zile sita. Kwa hiyo ukitaka kidogo, mstari wa jirani ni mfupi. Ukitaka kingi, wa kijijini unashinda. Penye meka ya sita mistari inalingana, na hapo unabadilisha mlango. Lakini bei zilicheza kila juma, basi alipanga upya kila juma.

Macho yake yalipoanza kuziba alinipa mimi kazi ya kupanga. Nilijiona waziri. Mimi nilipanga, yeye akapitisha kidole mpaka mwisho wa kila mstari, na mstari mfupi ndio uliotutuma.

Juma lile baba alikuwa safarini na treni, tukamtazamia baada ya siku kumi. Tulihitaji meka tano: nusu meka kwa siku. Chumvi ilibaki kopo kumi na tano. Nilipanga mstari wa jirani, mbegu kumi na tano, barabara. Nikapanga wa kijijini: sita za njia, kumi za mahindi. Nilipiga magoti juu yake, na harufu ya kukaangwa ikapanda puani. Jana yake tulikuwa tumekula mara moja. Nilichukua moja nikaivunja kwa jino la nyuma, polepole, isilie. Kisha nyingine. Nikasogeza zilizobaki zikakaa vizuri.

Fukusi hakuzila. Nilizila mimi.

Kidole cha kambo kilipita. Kikasimama, kikarudi, kikapita tena. Wa kijijini ulikuwa mfupi kwa mbegu moja. Kambo akamwambia mama aende, atarudi na meka tano na kopo moja mkononi. Ningeweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa bado mtamu.

Mama aliondoka na ukungu, chumvi kichwani. Mama jirani, kwenye kizingiti chake, hakuacha nafasi ipite.

"Unapita mulango yangu na chumvi, mama? Barieri njo itakupikia bukari?"

Mama alicheka, akaenda. Mchana kutwa niliangalia upande wa daraja. Watu waliuawa kwa bei ndogo kuliko kopo nne, na mtoto wa vita anajua hilo kama anavyojua jina lake. Jua lilipolegea akatokea, vumbi mpaka kwenye nyusi, na meka nne na nusu.

Akaugeuza mfuko wa chumvi ndani nje, akauinua kwenye mwanga, akapapasa mshono wote akitafuta tundu. Hakuna. Akakaa chini, akatazama viganja vyake.

"Mukono yangu ilitetemeka pale barieri," akasema. "Chumvi ilimwangika, sikuona."

Kesho yake, penye kinu, kambo alinisogelea. Hakupandisha sauti.

"Mama yako anatafuta tundu mu mufuko. Tundu iko mu kinywa yako."

Nikasema nilikuwa na njaa.

"Sisi bote tuko na njaa. Njaa ikule bukari, isikule hesabu."

Hakumwambia mama. Ila jioni ile alisukuma sahani yake kwetu, akasema amefunga kwa maombi, na sisi watu wa kanisa tukaheshimu. Alifunga jioni nyingi. Siku ya kumi, siku ambayo sufuria ilipaswa kuwa tupu, bukari ilikuwepo, ndogo, ya moto, na alasiri treni ikapiga filimbi, baba akashuka na samaki wakavu wa Kinkondja.

Leo hakuna anayepima chumvi ili apate mahindi. Nyumba za reli zimeota nyasi kwenye mabati, watoto wanauliza bei kwa simu kabla ya kuvaa viatu, na kambo amelala upande wa pili wa reli miaka mingi sasa. Wakati mwingine usingizi ukinijia naona kidole chake kikitembea juu ya saruji.

Mama alimfuata, akiwa mzee kidogo tu kuliko nilivyo mimi. Tangu siku ile hakukubali tena kutumwa njia yenye askari. Alisema yeye ni mwoga, mkono wake haufai. Neno hilo alilisema kwa jirani, alilisema kanisani, alilisema kitandani mwishoni, akicheka kidogo, na mimi nikimshika mkono huo huo. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya bunduki, akamimina kopo nne, na hakumwaga hata punje.

Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia.