Injini ya Pikapu ya Baba

Baba alipofariki, pikapu yake ilikuwa imesimama bandani miaka mingi, pembeni mwa kibanja chetu cha migomba kule Muleba. Kaka zangu walitaka kuiuza kama chuma chakavu. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nikawaambia waniachie mimi. Walicheka. Sikuwa nimewahi kubadilisha hata tairi.

Nilimpata fundi mmoja wa Bukoba, mtu mpole, aliyekubali kuja kila Jumamosi kwa sharti moja: nami nishike spana. Injini ilikuwa imekamata, haizunguki hata kidogo. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli ndani ya silinda na kuiacha iloe. Jumamosi ya tatu tulining'inia kwenye spana kubwa, mimi na yeye, na injini ikasogea kidogo kwa mlio kama wa mlango wa zamani. Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Kisha tukakwama. Spea nilikuwa nimeziagiza kwa kufuata kadi ya gari. Gasketi ilipofika, fundi aliilaza juu ya bloku na matundu ya maji hayakulingana. Ringi za pistoni nazo zilikuwa ndogo, zinachezacheza ndani ya silinda.

"Mwalimu," alisema, "hii siyo injini ya gari hili."

"Sasa ni ya gari gani?"

"Hapo ndipo sijui."

Mama alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Wiki zote hizo hakuna aliyemuuliza lolote.

"Ilitoka kwenye gari la paroko," alisema bila kuinua macho. "Lile lililopinduka darajani. Gari lilipondeka, injini ikabaki nzima, baba yako akainunua. Tuliiingiza humo kwa kamba, mimi na yeye. Namba yake iko upande wa kulia, chini ya bomba la moshi. Niliipaka rangi mwenyewe isishike kutu."

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?"

Fundi alikuwa tayari amelala chini ya gari. Nilimpa brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa. Alisugua, akafuta, akasugua tena. Halafu akaanza kusoma herufi na tarakimu moja moja, sauti ikipanda, nami nikiandika kwenye kiganja changu kwa kalamu. Jumatatu muuza spea wa Bukoba aliangalia kiganja hicho, akaingia stoo, akarudi na gasketi. Niliipeleka Muleba nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Matundu yote yalikaa mahali pake.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ndefu lakini tamu. Bloku ilikwenda mjini kuchongwa, ikarudi na ringi za saizi yake. Valvu nilizisugua mwenyewe, moja baada ya nyingine, hadi fundi alipomwaga petroli juu yake na halikupenya hata tone. "Sasa hapa," alisema, "hata mimi nisingefanya vizuri zaidi." Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sikumbuki sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Siku ya kuwasha, kaka zangu walikuja kutazama. Nilipiga stata. Injini ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Kaka mkubwa alifungua mdomo kusema kitu. Fundi alizungusha kidogo tu distribyuta, ile inayogawia plagi moto, na kuniashiria tena. Safari hii iliwaka, ikatulia, ikanguruma sawasawa, na banda zima likatetemeka. Kaka mkubwa alivua kofia. Fundi alinikumbatia na grisi yake yote.

Mama alikuwa ameshaingia ndani kubadilisha nguo. Alitoka na kitenge chake cha kanisani, akapanda kiti cha mbele, akafunga mlango kwa nguvu.

"Twende sokoni," alisema. "Na upite barabara kubwa, watu watuone."

Tulipanda mlima wa kuelekea Muleba mjini kwa gia ya pili, honi ikilia njia nzima, mama akiwapungia mkono hata wasiomjua.