Nilimtoa Jicho Mkwe Wangu kwa Picha Iliyojirukia Yenyewe

Jamani, mwenye makosa ni mimi. Msinitafutie udhuru. Nilimtoa jicho mume wa binti yangu, mchana kweupe, mwezi wa Ramadhani, na akili zangu ninazo. Jina langu nalificha. Yeye mwiteni Haji, na binti yangu mwiteni Kheri.

Kazi yangu ilikuwa uchinjaji, nyama nikiuza sokoni Darajani. Skuli sikufika mbali, kusoma kwangu nimekukuzia kwenye magazeti ya kufungia nyama, basi mkikuta maneno yamepinda yanyoosheni wenyewe. Siku moja dume la ng'ombe lilinikimbia tukilileta mjini, likaingia msitu wa Jozani, kima juu ya miti wananizomea. Nililifuata mpaka nikaliangusha kwa mikono mitupu! Sisemi haya kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Lakini nataka mjue mkono uliompiga Haji ni mkono gani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, intaneti ndo kwanza inaingia mjini. Haji alikuwa na kijiduka cha kompyuta huko Mkunazini. Mtu mpole, miwani minene. Na mnajua kwetu mkwe na mkwe wana haya zao. Mbele yangu Haji hata kupenga kamasi alikuwa anatoka nje.

Mwanangu mwengine, aliye Maskati, akapata mtoto, akasema picha kaituma kwa kompyuta. Nikenda baada ya adhuhuri, na saumu yangu na bakora yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe mjukuu wangu."

Akanipa kiti, yeye akakaa ubavuni. Picha siku hizo zilikuwa zinashuka polepole, kama mtu anakunjua pazia. Nywele zikaja. Paji la uso likaja. Machozi yananilenga. Mara, pu! Juu ya paji la mjukuu wangu akaruka mwanamke uchi wa mnyama, anacheka!

Haji akakurupuka, akabonyeza amfunge. Wakaja wawili. Akabonyeza tena. Wakajaa tele! Na maandishi mekundu yanawaka na kuzima, kama taa za harusi.

"Haji! Laana gani hii unaniletea!"

"Mzee, wallahi si mimi! Yanakuja yenyewe!"

"Yanakuja yenyewe, na mkono wako ndo unaowaita! Nnakuona!"

Nyuma yetu jamaa mmoja mropokaji akapiga ukelele, "Njooni muone! Mkwe na mkwe wanafuturu kabla ya adhana!" Duka zima likaangua kicheko.

Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nilinyanyua bakora nikampiga Haji ya uso. Moja tu, na moja ilitosha. Miwani ilipasuka, vigae vikaingia jichoni. Akalia kilio sijawahi kukisikia kwa mtu, na mimi nimesikia vilio vingi vya wanyama. Nami sikusita! Nilimvuta kola nikamwangusha, nikamkanyaga mbavu. Nikaibeba ile kompyuta nikaibwaga sakafuni karibu na kichwa chake, ikalia kama bomu. Waliokuwa wakicheka walikuwa washatoka mbio. Haji kajikunja chini ya meza, damu inampita katikati ya vidole, na bado ananiambia, "Mzee, si mimi. Mzee, si mimi."

Astaghfirullahi! Hata alipokuwa anapigwa hakuniita kwa jina baya.

Nikatoka pale mpaka kwake. "Kheri, funga nguo zako, twende."

"Ba, hiyo damu ya nani? Ba, umemfanya nini mume wangu?"

Nikamtia kofi. Mtoto niliyemlea mwenyewe mama yake alipokufa, nikamtia kofi, nikamburura mpaka kwangu.

Haikunitosha. Nikamfuata Haji hospitali, kafungwa bendeji nusu ya uso. Madaktari washasema jicho halina tena mwanga. Nikamwinamia. "Mwache mwanangu, au nnalitoa na la pili." Akatoa talaka moja.

Talaka moja ina marejeo, mume anaweza kumrudia mkewe maadamu eda haijesha. Na Haji alikuja kumrejea mkewe! Alikuja na mjomba wake, anapapasa ukuta kwa sababu jicho moja bado hajalizoea. Niliwatokea mlangoni na kisu cha kazi. Mjomba akasema, "Yakhe, muogope Mungu." Nikamwambia akisogea nnamchuna. Wakarudi. Kheri ndani anapiga mlango niliomfungia, anapiga, anapiga. Eda ikesha, na marejeo yakafungwa.

Sasa sikilizeni Mungu anavyomfunza mtu. Siku moja niko Kiembe Samaki, nikaona duka la kompyuta la mwanamke mmoja, Bi Salma. Nikaingia, maana sura ya mjukuu bado naitaka. Nikampa anwani ya picha aliyoniandikia mwanangu, akanifungulia, akaenda kumshughulikia mteja mwengine. Mimi mikono nimeiweka mapajani, sikugusa kitu. Pu! Uchi ule ule, kicheko kile kile!

Nikaruka. "Si mimi! Bi Salma, wallahi si mimi! Kaja mwenyewe!"

Nilipoyasikia maneno yangu, nilimsikia Haji chini ya meza.

Bi Salma wala hakushtuka. "Tulia, babu. Matangazo hayo, ya watu wahuni, yanaruka yenyewe. Usiiguse picha, wala usibonyeze panapokwambia ndiyo. Ukiyagusa yanaitana." Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, yakafa yote. "Mbona unalia?"

Nilikwenda mpaka Chukwani, kwa mama yake Haji, alikokwenda kukaa. Nilipiga magoti uani. Haji akanitazama kwa lile moja. "Inuka, mzee. Kheri namtaka hata leo. Lakini usiniulize mimi, muulize yeye."

Nikarudi nikamuuliza. Kheri alikuwa anachambua mchele, hakunyanyua uso.

"Ba, ndoa mpya inataka walii, na walii wangu ni wewe. Utamshika Haji mkono mbele za watu, useme nimekuoza mwanangu. Utamshika kwa mkono upi? Huo? Mpe kadhi uwakala, aniozeshe yeye. Na siku hiyo usije."

Nilimpa kadhi uwakala. Binti yangu akaozeshwa Chukwani, mimi niko kwangu nimekaa kitandani na kanzu nimeivaa, sina pa kwenda nayo. Wana watoto sasa. Nikikutana na Haji njiani ananiamkia. Kheri anavuka upande wa pili.

Basi nyinyi mnaoingia intaneti, nakuombeni! Likikurukieni tangazo la ajabu, la uchi au la kukwambieni mmeshinda, msiliguse. Muiteni anayejua. Akikosekana, zimeni mashine, haitokufieni. Na akikaa mwenzenu mbele ya kioo likamrukia, msimhukumu kwa lililomtokea. Muulizeni kwanza, "Hiki nini?" Ni maneno mawili tu, na Haji alikuwa na jawabu tayari. Mimi sikumuuliza.