Baiskeli Kumi na Nne

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, amesimama kwenye njia panda ile ile kwa miaka kumi na mmoja, na analipwa kwa kutazama. Ndivyo nilivyokuwa nikimtania. Watu wengine wanatoka jasho, yeye anaangalia wanaopita. Anacheka, halafu ananiuliza: "Na wewe unayekaa kwenye foleni saa nzima bila kulipwa, tukuiteje?"

Ni mhesabu wa barabara wa ofisi ya jiji. Saa kumi na mbili asubuhi yuko pale na kizibao chake cha kung'aa, kofia pana, na kiti cha plastiki asichokikalia. Mkono wa kulia ana vidude viwili vya kuhesabia, vile ambavyo ukibonyeza namba inapanda: kimoja cha mabasi, kimoja cha malori. Mkono wa kushoto ana viwili vingine, cha magari madogo na cha pikipiki. Waendao kwa miguu anawahesabu kumi kumi kimoyomoyo, na kumi inapotimia anahamisha punje ya haragwe kutoka mfuko mmoja wa aproni kwenda mwingine. Baiskeli, kwa kuwa kwenye fomu zilikuwa chache, anaziandika kwa kalamu. Wauza magazeti wa pale wanamwita Mama Bonyeza.

Hajawahi kukisia hata siku moja. Kuna asubuhi alishikwa na chafya, akaandika pembeni ya fomu: "Chafya, sekunde tano, huenda magari mawili yamenipita." Injinia mkuu alicheka hadi akavua miwani. Mimi nami nilicheka, ila ukweli ni kwamba nilimwonea wivu, maana sikumbuki mara ya mwisho mimi kukiri jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Kazi yenyewe imekuwa ngumu mwaka hadi mwaka. Zamani jua lilianza kumchoma saa sita. Siku hizi saa tatu tu lami inanata kwenye viatu, naye anajimwagia maji kichwani kabla ya saa nne. Mwaka juzi mafuriko yalifunga mtaa ule siku tano, na kitu pekee kilichopita kilikuwa baiskeli, zimebeba mikate, mitungi ya gesi na hata wagonjwa. Mimi wakati huo nilikuwa nimenunua gari dogo jeupe, la kwanza maishani mwangu, na watu wa baiskeli nilikuwa sina hamu nao. Nyani haoni kundule. Niliwaita wachelewesha watu, nikiwa mimi mmoja ndani ya gari la watu watano.

Basi ofisi ya jiji ikabandika mpango ukutani. Barabara itapanuliwa. Njia ya kando wanayopita watu na baiskeli, yenye kivuli cha miti arobaini na mmoja, itafyekwa ili magari yapate njia mbili zaidi. Sababu ilikuwa imeandikwa kwa mstari mmoja: baiskeli zinazopita hapa kwa siku ni kumi na nne.

Jioni hiyo shemeji alikuja kwetu, akaketi jikoni na kizibao chake bado mwilini. Chai tuliyompa ilipoa.

"Ile kumi na nne ni yangu," alisema. "Nimeiandika mimi."

"Si ndiyo kazi yako?" nikamwambia.

"Pale zinapita baiskeli mamia, shemeji."

"Sasa kumi na nne imetoka wapi?"

Akanieleza taratibu, kama anayemsomea mtoto. Mwongozo wa wahesabu unasema anayekokota baiskeli ahesabiwe kuwa mwenda kwa miguu. Na pale njia panda kila mwenye baiskeli anashuka. Magari yakikwama yanapanda njia ya kando, yanapiga honi, kwa hiyo mtu anaona heri ashuke, akokote hatua mia mbili hadi ng'ambo, apande tena. Katika hatua hizo mia mbili ndipo anaposimama yeye.

"Nimesimama mahali pekee wasipopanda," alisema. "Miaka kumi na mmoja nawafanya waenda kwa miguu, halafu naweka sahihi."

"Kosa si lako dada," mke wangu akasema. "Kosa ni la mwongozo."

"Mwongozo hauna macho. Mimi ninayo."

Mke wangu alimsihi sana. Ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu. Mhesabu anayesema sahihi zake mwenyewe si za kuaminika anakata tawi alilokalia, na ofisi ile haijulikani kwa huruma. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasimama, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda zake. Nilimwona ni mkaidi. Ndiyo, alikuwa mkaidi, na laiti tungekuwa nao watano wa namna hiyo katika kila ofisi.

Akaomba likizo. Watu huenda likizo kupumzika. Yeye alichukua siku kumi na mbili, akarudi kusimama pale pale, bila kizibao kwa kuwa hakuwa kazini, kwenye joto la kukausha koo. Safari hii aliwahesabu wanaokokota mbali na wanaopanda, na kila aliyeweza kumsimamisha alimuuliza kwa nini ameshuka, akaandika jibu. Tukio lolote alilolishuhudia aliliandika na saa yake. Jambo moja tu hakulibadilisha: mhesabu haandiki jina la mtu wala namba ya gari. Kwa hilo alikula kiapo siku ya kwanza kazini.

Siku ya mkutano wa kamati ya barabara mimi ndiye niliyempeleka, kwa gari langu. Ukumbi ulikuwa na viti vya chuma na feni tatu, moja inazunguka. Wananchi tuliruhusiwa kukaa nyuma. Injinia mkuu alieleza mpango vizuri, na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akauliza kama kuna la kuongeza.

Shemeji akasimama.

"Namba mliyojenga mpango juu yake ni yangu, na nilikosea," alisema. Akaeleza habari ya kukokota. Kisha akasoma: "Wastani wa baiskeli kwa siku, mia sita na thelathini na nane. Kati ya hizo, zilizopita zimepandwa ni kumi na tano." Mtu nyuma yangu alipiga mluzi. "Waheshimiwa, mji huu unaungua, na sisi tunataka kufyeka kivuli ili tuongeze moto. Hawa mia sita hawachomi hata tone la mafuta. Tunawaondoa kwa sababu mimi sikuwaandika."

Injinia hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amebanwa kwenye kona. "Miaka kumi na mmoja umetuletea namba moja, leo umetuletea nyingine uliyoihesabu peke yako, likizoni," alisema. "Tutajuaje kama hukuitunga? Haya, tusomee hata tukio moja."

Akafungua daftari. "Jumatano, saa moja na dakika arobaini. Gari dogo jeupe limepanda njia ya kando. Limepiga honi mara tatu. Fundi cherehani aliyekuwa akikokota baiskeli yenye cherehani ameangukia mtaroni. Gari halikusimama."

Jumatano ile nilikuwa nimechelewa. Niliona kwenye kioo mtu akijiinua kutoka mtaroni, nikajiambia, ameinuka, basi yameisha. Sikumsimulia mtu, hata mke wangu.

"Gari la nani?" injinia akauliza. "Namba yake?"

"Mhesabu haandiki namba ya gari."

"Lakini uliliona?"

"Niliona."

"Unalijua?"

Hakugeuka nyuma nilikokaa. Angetamka neno moja tu, akaokoa kazi yake, miti yake na heshima yake, na wala lisingekuwa neno la uongo. Alisimama pale na daftari lake, akisubiri kuitwa mzushi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikusimama kwa ushujaa, msinisifu. Nilisimama kwa sababu aibu ya kukaa ilizidi aibu ya kusimama. "Hakutunga," nikasema. "Gari hilo ni langu."

Ukumbi mzima uligeuka. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini nilipanda njia ya watu. Nikasema foleni, mheshimiwa, nilikuwa nachelewa. Watu wakacheka, na kicheko chao kiliniuma kuliko matusi.

Mwenyekiti alizungumza na wenzake kwa muda, kisha akasema mpango hautapita. Miti itabaki. Njia ya kando itazungushiwa nguzo za zege ili gari lisipande, na injinia atasimama na mhesabu wiki nzima wahesabu pamoja, wakokotaji waandikwe kwenye safu yao. Shemeji naye atapewa barua ya onyo kwa hesabu za miaka iliyopita. Hapo nilipandwa na hasira nikataka kusimama tena, lakini yeye alikuwa ameshaitikia kwa kichwa, kana kwamba amepewa risiti.

Tulitoka nje. Nilisubiri anitukane, na naapa ningefurahi.

"Ulinijua siku ile?" nikamuuliza.

"Honi yako naijua tangu ulipokuja kutuonyesha gari hilo."

"Mbona hukunitaja? Wangekupokonya kila kitu."

"Nilikuwa nasoma hesabu, shemeji, si kushitaki watu." Akafunga daftari, akalitia mkobani. Halafu akasema, bila kupandisha sauti: "Yule fundi alivunjika kifundo cha mkono. Wa kulia. Hii wiki ya tatu hajashona kitu."

Nikatoa ufunguo wa gari mfukoni, nikamwambia anipeleke kwa fundi huyo sasa hivi.

"Kwake hakufiki gari," alisema. "Twende kwa miguu."