Kodi na Kura kwa Karani Mmoja

Juzi nilikwenda boma la Ifakara kujiandikisha kupiga kura, mtoto mgongoni, cheti cha sekondari mkononi. Mbele yangu alikuwa mvuvi wa Malinyi. Sheria ya Mwingereza inataka mpiga kura awe na cheti au mapato ya kutosha; yeye hakuwa na cheti, kwa hiyo alitakiwa kuonyesha mapato.

"Nina mitumbwi mitatu, bwana karani, na shamba la mpunga."

Karani, ambaye ndiye pia anayetutoza kodi, akafungua kitabu cha kodi. "Mzee, humu ulisema huna hata kuku."

Mvuvi akavaa kofia yake taratibu. "Basi mwanangu, niache nibaki maskini."

Akaondoka, na wengi kwenye foleni, waliokuwa wameficha mali kama yeye, wakamfuata. Inachosha, kuombwa utajiri na mtu aliyekuzoesha kuuficha!

Zamu yangu ikafika. "Mumeo anapata kiasi gani?"

"Cheti ni changu, bwana," nikasema, nikakiweka mezani.

Akaniandika.