Cherehani ya Kukanyaga

Polio iliniua miguu nikiwa na miaka mitatu, na serikali ilipoamua kunitafutia kazi, ikanipa cherehani ya kukanyaga. Ndiyo, ya kukanyaga. Soma tena ukipenda.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ushonaji katika chuo cha walemavu, na afisa wa kututafutia kazi akatupatia nafasi, mimi na mwenzangu mmoja, katika duka la sare za shule mjini Kisii. Mwenzangu alikuwa mwanamume wa Suneka aliyepoteza mkono wa kushoto kwenye mashine ya kusaga miwa. Tulipewa miezi mitatu ya majaribio. Nikishindwa, nilijua ninakorudi: Nyamira kwa kaka yangu, kwenye kile chumba cha nyuma alichonifungia wifi yangu kila wageni walipokuja.

Siku ya kukabidhiwa vifaa afisa alikuja na suti, mpiga picha na hotuba. Mvua ya saa nane ikamkatiza, akaimalizia ndani.

"Huyu bwana ana mkono mmoja," akasema. "Tumempa mashine ndogo ya mkono, asipate taabu kuibeba. Na huyu mama hukaa tu, kwa hiyo tumempa yenye meza yake."

Watu wakapiga makofi! Mimi pia nilipiga, Mungu anisamehe. Yule wa Suneka hakupiga; angepigaje?

Afisa alipoondoka tukajaribu. Mwenzangu alizungusha gurudumu kwa mkono wake mmoja, na kitambaa kikajiendea kilikotaka. Mimi niliinama kusukuma kile kibao cha miguu kwa mkono, nikawa nashona kichwa kikiwa chini ya meza. Mwenye duka, mama wa Nyanchwa asiyependa upuuzi, akatuangalia weee, kisha akauliza, "Wanangu, si mbadilishane?"

Tukabadilishana. Ijumaa hiyo, kabla hajafunga duka kwa ajili ya Sabato, kaptula kumi na mbili zilikuwa zimekunjwa mezani.

Mwezi wa pili wa majaribio afisa akaja kukagua. Mashine zilikuwa zimeandikwa namba kwa rangi nyeupe, naye akaziinamia akiwa na faili mkononi. Sisi hakututazama hata kidogo.

"Ala! Nani amehamisha mali ya serikali?"

Mwenye duka alimweleza polepole, hata akamwonyesha miguu yangu. Wapi! Kubadilisha namba kulihitaji barua kutoka Nairobi, na barua ingechukua mwaka. Turudishe mashine, akasema, naye angekuja mwisho wa mwezi wa tatu kumpima kila mtu kwenye namba yake. Nilimtukana kwa Ekegusii, taratibu, huku nikitabasamu. Alikuwa mtu wa mbali, akadhani namshukuru. Lakini nilikuwa nakiona kile chumba cha nyuma.

Mama yule, ambaye hakuwahi kudanganya hata kwenye bei, akaenda kununua kopo la rangi nyeupe. Alizikwangua namba zote mbili kwa kisu, akaandika ya huku kule na ya kule huku.

"Mungu anaona miguu yako," akaniambia. "Huyu bwana haoni."

Siku ya kupimwa ikafika. Mwenzangu alikanyaga kama anayepanda kilima cha Kiogoro kwa baiskeli, mimi nikazungusha gurudumu hadi bega likaniuma. Afisa aliinama, akasoma namba ya kwanza, akatia alama. Akasoma ya pili, akatia alama. Kisha akasimama wima, akaweka kalamu mfukoni.

"Mnaona sasa? Mtu akipewa kifaa kinachomfaa, anafanya kazi."

Akaandika kwamba tumefaulu. Nililia palepale, na afisa akanipigapiga begani, akidhani ni hotuba yake.

Nilishona katika duka lile miaka kumi na minne. Alikuja kukagua kila mwaka, na kila mwaka alianza na namba. Hadi anastaafu, sidhani aliwahi kujua ni nani kati yetu hana mkono.