Aliyefungua Zipu ya Hema

Mwaka wangu wa kwanza Oman niliumaliza kwa kusema samahani. Mtoto akivunja kikombe, samahani nasema mimi. Bangili ya mama mwenye nyumba, kule mji wa Ibra, ilipopotea nililia na kuapa wiki nzima, na siku ilipoonekana ndani ya pochi ya dada yake hakuna aliyenijia hata kwa nusu neno. Nawataja bila kuona haya: yule mama wa Ibra aliyenilaza stoo na kufunga kwa kufuli, dada yake mwenye pochi, na wakala wa Tanga aliyeniapia kwamba naenda kulea mtoto mmoja, nikawakuta saba. Niliugua, nikakonda, mpaka gauni likawa linanivuka mabegani. Alhamdulillahi nilitoka mzima. Lakini nilitoka na ule ugonjwa wa kusema samahani.

Nyumba ya pili ni hii ya Samail. Kuna bibi, aliyezaliwa Unguja akaletwa huku akiwa msichana. Kuna mwanawe, ambaye namwita baba ingawa tunalingana umri, na mkewe ninayemwita mama, na binti yao wa miaka kumi na miwili. Wamekaa nami vizuri miaka mitatu. Lakini katika miaka hiyo mitatu hakikupotea kitu cha maana, kwa hiyo nilikuwa sijajua watanifanya nini siku kitakapopotea.

Baridi iliyopita wakaamua tukalale mlimani, juu ya Misfat al Abriyeen, kule ambako lami inaisha. Bibi akatoa sharti.

"Mie siendi mlimani nikale ile mikate yenu kama karatasi," akasema. "Nnataka mkate wa kumimina."

Basi nikaloweka mchele, nikausaga na nazi na iliki, nikasubiri uumuke, nikapika mikate miwili, makaa chini, makaa juu. Ilitoka na vitundu kama sega la nyuki. Nikaiweka kwenye sufuria, mfuniko juu, kitambaa juu ya mfuniko.

Tulifika baada ya alasiri. Baba akahangaika na hema kubwa saa nzima, ufito mmoja ukimpiga kidevu, bibi kakaa kwenye kiti anampa maelekezo ambayo hayakumsaidia. Hema dogo la vyakula nililisimamisha mimi, nikaingiza humo sufuria na tende. Ndipo wakaja punda, sita au saba, wana manyoya mazito kama mazulia. Zamani walibeba mizigo ya watu wa vijiji vya juu. Magari yalipopata njia wakaachiwa, wakazaana, na sasa hawana bwana wala mzigo. Niliwatazama sana. Mmoja alikuwa na sikio nusu, na huyo ndiye aliyekuja mbele.

Baba akampa tende.

"Baba, ukiwalisha watarudi," nikasema.

"Dada, huyu punda. Akigeuka tu keshasahau."

Sisi kwetu Tanga tulikuwa na punda wa kubeba maji. Punda akipewa kitu kitamu mahali fulani, atapakumbuka mpaka afe. Nikaenda kuifunga zipu ya hema la vyakula. Usiku huo nikalala katikati ya bibi na binti, mablanketi matatu, na sikumbuki lini nimelala vizuri namna ile.

Alfajiri nilitoka kutia udhu. Maji yalikuwa yanauma. Nikamwona baba kwa macho yangu, yuko kwenye hema la vyakula, kafungua zipu, anachota tende, nyingine anazitia mfuko wa koti. Nje kasimama nusu sikio, anampa. Halafu akaenda kutawadha, na zipu kaiacha wazi; nikadhani atarudi kuifunga.

Tulipomaliza kusali jua lilikuwa linachungulia. Sufuria limelala ubavu, kitambaa kiko kwenye mawe, na mikate yote miwili imebaki kipande cha ukubwa wa kidole.

"Punda wamekula yote," binti akasema, ameshika simu anapiga picha.

Mama akanitazama. Si kwa ubaya, lakini alinitazama mimi.

"Dada, jana ulifunga hema?"

Na baba akasema, huku anaangalia milima, "Hizi zipu za siku hizi hazikamati."

Lile neno samahani lilishafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Nilifunga," nikasema. "Aliyefungua ni baba, alfajiri hii. Kachukua tende akampa punda, na zipu hakuirudisha. Nimemwona."

Nikahesabu moyoni nguo zangu zilizoko Samail, zinaingia begi gani.

Baba hajafungua mdomo, yule nusu sikio akatokea nyuma ya gari. Hakututazama sisi wengine. Alikwenda moja kwa moja kwa baba, akaingiza pua kwenye mfuko wa koti mpaka machoni.

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mbavu, meno ya bandia yakataka kutoka.

"Haya, shahidi kaja mwenyewe," akasema. "Unaisingizia zipu, wewe? Kitu kisicho na mdomo?"

"Mama, nilidhani nimefunga."

"Na alipoulizwa dada mbona hukusema? Mtake radhi."

Akanitaka radhi. Mwanamume mwenye ofisi yake wizarani, mfuko wa koti umelowa mate ya punda, ananiambia, "Dada, nisamehe, nimekosa mimi." Neno hilo nilikuwa nimezoea kulitoa, si kupewa. Nikasema tu, "Yamekwisha, baba."

"Hayajesha," bibi akasema. "Mie na dada hatujala. Unga upo, maji yapo. Kakande chapati wewe."

Mama akanivutia kiti, akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Nikakaa na bibi juani, tukamtazama baba anakanda chapati kwa mikono iliyopauka kwa baridi, binti anamrekodi, na nusu sikio kasimama pembeni anangojea zake. Ya kwanza niliwekewa mimi. Ilikuwa na pembe tano, imeungua pembeni na katikati mbichi.

Na hilo pia nikamwambia.